Mgeni Rasmi wa Chaneli ya Watoto

Nchi yetu mnaijua. Iko upande wa kushoto ukiishika ramani vizuri, na upande wa kulia ukiishika kama wanavyoishika mawaziri wetu. Jina lake silitaji, wala si kwa woga. Siku hizi jina la nchi likitajwa hadharani ni lazima litanguliwe na jina la Rais, na jina la Rais litanguliwe na sifa zake, na sifa zake zimeandikiwa kitabu kizima. Tukianza hivyo hatutafika popote, na mimi nina hadithi ya kuwapa.

Kazi yangu ni afisa itifaki. Wengi wanadhani ni kazi ya kupanga viti. Ni kweli ni kazi ya kupanga viti, lakini viti hivyo ndivyo vinavyoishikilia serikali. Nikimketisha afisa tarafa mbele ya mkuu wa wilaya, sijui kesho yake tutaamkia nchi gani. Sijawahi kumtaja mdogo kabla ya mkubwa, hata nyumbani, ambako mke wangu hutajwa kwanza. Nayasema haya ili mjue kwamba anayesimulia ni mtu wa utaratibu, na kwamba hadithi yenyewe ni ya mafanikio. Nimewahi kuisimulia kwa watu wakainamisha vichwa, na sikuwaelewa.

Mambo yalianza Mheshimiwa Dakta Baltazari Ngungulu, Waziri wa Malezi, Makuzi na Masuala Mtambuka ya Utotoni, aliporudi kutoka ng'ambo alikokwenda kwenye kongamano la lishe. Kongamano lenyewe hakulihudhuria sana. Hotelini alikuta runinga yenye chaneli ya watoto wadogo, na ndani ya chaneli hiyo kulikuwa na dubu anayeimba namna ya kupiga mswaki. Waziri alimtazama dubu yule asubuhi, mchana na jioni. Aliposhuka kwenye ndege, meno yake yalikuwa meupe na macho yake mekundu, akawatangazia waandishi wa habari pale pale kwamba nchi yetu nayo itakuwa na chaneli ya watoto, tena ya bure.

Neno "bure" lilipigiwa makofi marefu. Mwandishi mmoja akataka kujua kama na ving'amuzi vitakuwa vya bure, na runinga, na umeme wa kuziwashia. Waziri alimjibu kwa upole kwamba serikali haiwezi kumnunulia mwananchi macho, inaweza tu kumpa cha kutazama. Mwandishi yule alielewa, na wiki iliyofuata akaelewa zaidi, maana gazeti lake lilimhamishia ukurasa wa matangazo ya vifo. Sisi wengine tukaingia kwenye maandalizi.

Kwa kuwa watoto sasa walikuwa na chaneli, kuwa na shule za chekechea pia kulionekana ni kujitakia gharama. Waziri alilieleza Bunge kwa lugha nyepesi kwamba mtoto hana macho manne. Chekechea zote za serikali zikafungwa kwa muda, na majengo yake wakapewa waratibu wa chaneli wa mitaa, ambao kazi yao ilikuwa kuratibu. Kila ofisi ya kata ikatundikiwa runinga moja ya umma, juu kabisa karibu na dari, ndani ya kizimba cha nondo ili isiibiwe. Watoto wakaambiwa waje kuitazama. Nao walikuja, wakakaa sakafuni, shingo juu kama vifaranga wanaokunywa maji.

*

Katika mtaa wa Kiwandani, mwalimu wa chekechea alikuwa mwanamke aitwaye Sikudhani Magoha, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na hasira za karibu. Alipokuta kufuli mpya mlangoni hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wala kwa diwani. Alikuja moja kwa moja wizarani, jambo ambalo kiitifaki ni sawa na kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Nilisimama mlangoni kumzuia, akanipita kama anavyopitwa mtu aliyesimama njiani bila sababu.

Alimwambia Waziri kwamba ana watoto wadogo ambao mama zao huingia kiwandani alfajiri na kutoka jioni, na kwamba tangu kufuli ile ifungwe wanashinda barazani kwa watu na kwenye mitaro. Chaneli hakuitaka. Alitaka ufunguo.

Waziri hakukasirika, alifurahi. Chaneli ilikuwa tayari ina mkurugenzi mkuu, wakurugenzi wasaidizi, mshauri, mshauri wa mshauri, na gari la kurushia matangazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa likisaidia kwenye harusi za watumishi. Kilichokosekana ni mtu anayejua kuzungumza na mtoto. Akampa Sikudhani kazi ya utangazaji hapo hapo.

"Kipindi changu kitakuwa cha muda gani?" Sikudhani akauliza.

"Wewe unataka muda gani, mwalimu?"

"Nusu saa kila siku. Lakini iwe yangu, asiniingilie mtu."

"Nusu saa tu?" Waziri akacheka. "Mimi nakupa dakika thelathini kamili."

Sikudhani hakucheka. Alisema ataifanya kazi hiyo kwa sharti moja: mwaka ukitimia, watoto wa Kiwandani wafanyiwe tathmini mbele ya watu. Ikionekana chaneli haikuwafaa kitu, wafunguliwe chekechea yao. Ikionekana imewafaa, yeye atanyamaza. Waziri akampa mkono, nasi tuliokuwepo tukashuhudia. Mtu mwenye hila angefundisha vibaya makusudi ili aupate ufunguo wake, na nilimtazama usoni nione kama amelifikiria hilo. Nadhani alilifikiria akalikataa, maana watoto wenyewe ndio hao hao ambao angewanyima.

*

Hapa ndipo nilipoingia mimi.

Katika nchi yetu hakuna kitu kinachojianzisha chenyewe. Kisima kikichimbwa, kinasubiri mgeni rasmi. Choo cha soko kikijengwa, watu wanajibana mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kisima kile kile kikikauka na kuchimbwa upya, mgeni rasmi anarudi. Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu wa chaneli, Bwana Ndimbwelu, aliponiita akaniuliza kipindi cha watoto kitafunguliwa na nani, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Akauliza tena: mgeni rasmi wa kipindi cha kwanza tu, au wa kila kipindi? Nilifikiri kidogo nikamwambia kwamba kila kipindi ni kipya, na kitu kipya hakiwezi kuonekana na wananchi kabla hakijafunguliwa. Alinishika bega. Nimefanya mengi katika utumishi wangu, lakini wazo lile ndilo lililonipandisha daraja.

Sasa, mgeni rasmi hawezi kujikaribisha. Anakaribishwa na mkurugenzi mkuu, ambaye hukaribishwa na mkurugenzi msaidizi, ambaye hukaribishwa na mshereheshaji, ambaye siku zile nilikuwa mimi. Na kila mmoja wetu, akishika kipaza sauti, ni lazima awatambue waliopo kwa vyeo vyao, toka juu mpaka chini, halafu ndipo aseme "itifaki imezingatiwa". Wapo viongozi wavivu wanaosema "itifaki imezingatiwa" bila kuizingatia. Kwetu hilo halikuruhusiwa.

Siku ya kwanza Sikudhani alikaa kwenye kigoda chake studioni, mkononi amevaa bata. Alikuwa amemshona mwenyewe kwa kitambaa cha manjano, akamjaza sufi kichwani na kumwekea macho ya vifungo vya shati. Watu wazima tulizungumza. Mgeni rasmi, ambaye alikuwa Waziri mwenyewe, alisema hana mengi, akayasema. Likafuata neno la shukrani, na shukrani kwa aliyetoa neno la shukrani. Hatimaye kamera ikageukia kigoda, Sikudhani akasema, "Watoto, hamjambo?" na kabla mtoto yeyote hajajibu, wimbo wa taifa ukapigwa wa kufungia. Kesho yake tulirekebisha kasoro hiyo kwa kuuhamishia wimbo mwanzoni.

Bata naye alituletea mjadala. Alikuwa akikaa karibu mno na mgeni rasmi, na mkuu wa wilaya mmoja akalalamika. Tulikaa kikao kutafuta cheo chake. Ilionekana kwamba, kwa kuwa anazungumza kwenye chombo cha serikali, bata ni msemaji, na msemaji yuko juu ya afisa tarafa lakini chini ya mkuu wa wilaya, hivyo anastahili safu ya pili. Sikudhani, ambaye alikuwa mwajiriwa wa muda, alistahili safu ya tatu. Na kwa kuwa bata alikuwa kwenye mkono wa Sikudhani, mwalimu yule alikaa wiki nzima nyuma, mkono ameunyoosha mbele kati ya mabega ya watu, bata akiwa mahali pake sahihi. Jioni nilikuwa namwona akijisugua bega.

*

Mnaweza kudhani masomo yalisahauliwa. Sivyo. Masomo yalipelekwa kwenye Kamati ya Maudhui.

Somo la kwanza lilikuwa kuhesabu. Wakati ule nchi ilikuwa katikati ya mjadala kuhusu Rais wetu, ambaye Katiba ilimpa vipindi viwili naye alikuwa ameshavimaliza kwa unyenyekevu mkubwa. Kamati ikaona si busara mtoto mdogo kufundishwa kwamba baada ya mbili kuna tatu, maana huko ni kulitangulia Bunge. Wala si busara afundishwe kwamba mtu anaweza kuishia mbili, maana huko ni uhaini. Baada ya chakula cha mchana wakaafikiana: moja, mbili, na kuendelea.

Somo la pili lilikuwa hadithi ya kuku na mwewe. Bahati mbaya mwewe ndiye aliyeko kwenye nembo ya taifa. Kamati haikuikataa hadithi, iliiboresha tu: mwewe hakuwala vifaranga, aliwahamisha ili kupisha maendeleo, na mama kuku akatoa shukrani. Sikudhani aliisoma akasema afadhali watoto wakose hadithi, ikawa hivyo.

Siku hiyo alikuja ofisini kwangu, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa amechoka. Hakunigombeza, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Mwenzangu, una watoto?" akaniuliza.

"Ninao. Wamekua sasa."

"Walipokuwa wadogo walikuwa wanaimbiwa nini?"

Nikamwambia kwamba nyakati zile nilikuwa mara nyingi kwenye safari za kikazi, labda nimuulize mke wangu. Akaniangalia, akatikisa kichwa. Swali lile halikunipendeza, na jibu langu halikunipendeza pia. Kisha akauliza jingine: je, kuna kanuni yoyote inayosema mgeni rasmi ni lazima awe binadamu? Nilitafuta katika miongozo yote niliyokuwa nayo sikuiona. Na kusema ukweli tulishawahi kupokea wageni rasmi ambao hata bata aliwazidi kwa uchangamfu.

Basi kesho yake bata akawa mgeni rasmi. Nilimkaribisha mimi mwenyewe, nikamtambua kwa cheo chake. Bata akasogea mbele, akainamisha kichwa cha sufi, akasema kwa sauti ya puani, "Waheshimiwa wote, kaeni chini. Watoto, simameni."

Na kwa kuwa mgeni rasmi hakatizwi, hakuna aliyemkatiza. Aliimba. Alihesabu vidole vya mikono akapotea njia, akaomba watoto wamsaidie, akahesabu tena mpaka kumi, Kamati ya Maudhui ikitazama bila kuamini. Akateleza kwenye kigoda akaanguka kifudifudi, akauliza nani amemsukuma. Waliokuwa ofisi ya kata ya Kiwandani walisema watoto walicheka mpaka wengine wakalala sakafuni, wakawa wanajibu kwa kelele kuelekea kule juu darini. Mimi nilijikuta napiga makofi nje ya utaratibu. Naomba isieleweke vibaya, lakini ile ilikuwa nusu saa nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia.

Matatizo yalianza kesho yake. Kumbe na watu wazima walikuwa wanatazama. Wananchi wa kata moja ya mbali walifika getini kwetu wakitaka kumwona bata kuhusu pampu yao ya maji. Mstaafu mmoja alikuja na fimbo yake kumuulizia bata mafao yake, akasema ndiye kiongozi pekee aliyemsikia akiuliza swali na kusubiri jibu. Foleni ikafika barabarani. Bwana Ndimbwelu akatoka jasho, akapiga simu kwa wakubwa, na wakubwa wakaamua kama inavyoamuliwa siku zote mtumishi akipendwa kupita kiasi. Bata alipewa uhamisho wa kwenda wilaya ya mpakani, kwa maslahi ya umma. Alichukuliwa na gari la serikali, dereva na askari mmoja, amekalishwa kiti cha nyuma. Sikudhani alisimama getini mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi studioni, safu ya tatu.

Baada ya hapo mambo yakarudi kama kawaida. Wageni rasmi walikuja kila siku, tukawatambua na kuwakaribisha, wakafungua. Watoto wa Kiwandani waliendelea kutazama, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda, na kwa kuwa ndani ya ofisi ya kata kulikuwa na kivuli.

*

Mwaka ukatimia. Tathmini ilifanyika pale pale ofisi ya kata, mubashara, chini ya turubai la bluu na nyeupe. Sikudhani alikuja amevaa gauni jipya. Kabla hatujaanza alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo anauchukua ufunguo wake, kwani watoto wale hawajui kitu hata kimoja, na kwamba anaona haya kulifurahia jambo kama hilo, lakini analifurahia. Nilimtakia heri, kimoyomoyo, kwa kuwa nilikuwa kazini.

Waziri alitazama safu ya watoto, akamchagua Semeni, binti wa miaka minne ambaye mama yake anafunga maboksi kiwandani. Akamuuliza kwa upole amejifunza nini kwenye chaneli yetu ya bure.

Semeni alisimama. Alivuta mbele kigauni chake kama mtu anayefunga kifungo cha koti. Akakohoa, akapokea kipaza sauti, akakipigapiga kwa kidole.

"Mheshimiwa Waziri wa Malezi, Makuzi na Masuala Mtambuka ya Utotoni," akaanza, bila kukosea hata herufi. "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Bwana Mkurugenzi Mkuu. Viongozi wa chama na serikali. Wazee wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Akanyoosha mkono, na mtu mmoja akampa maji bila kufikiri. Akanywa. "Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi sina mengi."

Akayasema. Alisema tumetoka mbali. Alisema changamoto zipo, hakatai, ila mchakato unaendelea, na wananchi wawe na subira. Alisema asiyeona maendeleo apimwe macho. Watoto wenzake walikuwa wanapiga makofi kila alipovuta pumzi, mahali panapostahili, na mimi, mtu niliyezeeka katika shughuli hizi, sikuona pa kumrekebisha.

Waziri alitoa leso. Akajifuta macho, akamuuliza kama anajua na kuhesabu.

"Moja, mbili, na kuendelea," Semeni akajibu.

Turubai lote lilisimama. Mkuu wa Wilaya akamwambia jirani yake kwamba mtoto yule kinachomkosesha unaibu waziri ni urefu tu. Hapo Sikudhani akainuka kule nyuma, akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Hakuwapo kwenye ratiba, lakini Waziri alikuwa na furaha, akamruhusu.

"Semeni, mwanangu," Sikudhani akasema, na ilikuwa sauti yake ya chekechea, laini, ambayo sikuwahi kuisikia. "Una machungwa mawili. Mwalimu amekuongezea moja. Sasa unayo mangapi?"

Mtoto alimtazama. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtoto, mdomo wazi, vidole vinaanza kujitafuta. Kisha akakumbuka alipo.

"Nakushukuru kwa swali lako zuri," akasema. "Nitalijibu kwa maandishi."

Sikumbuki makofi marefu kama yale tangu tupate uhuru. Waziri alitangaza kwamba chaneli imefanikiwa kupita matarajio, kwamba chekechea sasa zimefungwa moja kwa moja, na kwamba wataalamu wanatafuta namna ya kuwafikia na walio bado tumboni. Sikudhani alikaa chini. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na alinyamaza; aliondoka kabla ya chakula, amebeba viatu vyake mkononi, na studioni hakurudi tena.

*

Wizara haimsahau mtu. Baadaye iliamuliwa mwalimu yule apewe zawadi ya kutambua mchango wake, saa ya ukutani yenye picha ya Mheshimiwa Waziri, nami nikatumwa kuipeleka. Nilimkuta nyumbani kwake nyuma ya kiwanda. Uani kwake kulikuwa na watoto. Alikuwa amewakusanya tena, kinyume cha agizo, bila ubao wala chaki, na nilijiandaa kutoona.

Lakini palikuwa kimya, na ua wenye watoto hauwi kimya. Wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi moja mbele, wamenyooka, mikono mapajani, na wengine wamepangwa nyuma yao juu ya jamvi. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha uji mbele yake. Hakuna aliyekishika. Juu ya uji utandu ulikuwa umeshaganda na nzi walikuwa wametua. Sikudhani alikuwa amekaa kando ya sufuria, upawa mkononi.

"Wana nini?" nikamuuliza.

"Wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Mgeni rasmi."

Alinieleza bila kuninyanyulia macho. Alikuwa amewaambia yeye ndiye mgeni rasmi wa leo, wakakataa, kwa kuwa yeye ni mwalimu tu na wanamjua. Akamwita jirani, wakakataa, kwa kuwa amekuja kwa miguu. Aliwabembeleza, akawafokea, akaweka kikombe mdomoni kwa mmoja mmoja, wakawa wanafunga midomo. Wawili walikuwa wanalia, lakini kwa staha, bila sauti. Njaa walikuwa nayo. Ungeweza kuiona namna walivyokuwa wanavitazama vile vikombe.

Ndipo waliponiona. Gari langu lilikuwa limesimama nje likinguruma, dereva amenifungulia mlango, nami nimevaa suti. Wote wakasimama wakapiga makofi. Sijawahi kupokelewa hivyo popote, na ningetoa chochote nisipokelewe.

"Wafungulie, wale," Sikudhani akasema.

Nikaiweka saa chini. Nikasema kwa haraka kadiri nilivyoweza kwamba uji huu sasa umefunguliwa rasmi, kuleni. Hakuna mkono uliotikisika. Semeni akatoka kwenye benchi, akanishika kiwiko, akanong'ona kama ninavyowanong'oneza wakubwa wanapopitiwa.

"Mheshimiwa, hujawatambua waliopo."

Nikaanza kuwatambua. Nilimtaja Mheshimiwa Semeni, nikamtaja Mheshimiwa Chausiku aliyekaa kulia kwake, na Mheshimiwa Mbwana, na wengine ambao majina yao Semeni alininong'oneza, toka benchi la mbele kwenda nyuma, mkubwa kabla ya mdogo, kama inavyotakiwa. Kila aliyetajwa aliinuka kidogo, akainamisha kichwa, akaketi. Kwenye jamvi kulikuwa na kitoto kidogo kuliko wote, ambacho kwa utaratibu kilikuwa cha mwisho. Nilipofika katikati kilikuwa kimeshalala, shavu juu ya jamvi, vidole vimeshika ukingo wa kikombe.

Nilimtazama Sikudhani nikitaraji aniambie inatosha.

"Endelea," akasema. "Ukikatiza, utaanza upya. Ndivyo mlivyowafundisha."

Nikakohoa, nikaendelea.